Mikono Miwili Juu ya Nyundo

Nyumba ya marehemu Wilibrodi ilikuwa na taabu moja. Ilipenda baiskeli kuliko ng'ombe. Ilipenda cherehani kuliko baiskeli. Halafu ikapenda ng'ombe kuliko cherehani. Taabu yenyewe ni hiyo, haina kona nyingine, na Beda aliielewa wakati mbuzi watano wamekwisha kuliwa.

Mwehu hakuwamo katika nyumba ile. Walikuwa watatu, mama mmoja baba mmoja. Adriano ndiye mkubwa, mguu wake wa kushoto ulikauka tangu utoto na alitembea kwa fimbo. Kristiana wa katikati, mjane, alirudi nyumbani baada ya kumzika mumewe. Beda kitinda mimba, miaka ishirini na mitatu, miguu haitulii hata akiwa kanisani. Ukimshika mmoja mmoja ukamwuliza anataka nini, kila mmoja alikujibu vizuri bila kujikwaa.

Beda alitaka baiskeli kuliko kitu chochote. Baiskeli ikikosekana, basi ng'ombe. Cherehani alikiweka mwisho kabisa, alikiona kitu cha kukufunga kwenye kigoda mpaka uote mizizi.

Kristiana alijifunza kushona kwa masista wa misheni, kwa hiyo yeye cherehani kwanza. Baiskeli ya pili, maana ingeleta dagaa kutoka Kabwe, kule ziwani. Ng'ombe mwisho, kwa sababu aliyebeba samadi kwa ungo kila asubuhi hadi shambani alikuwa yeye.

Adriano alitaka ng'ombe. Maziwa, samadi, heshima. Ng'ombe akikosekana, cherehani, kwa kuwa mtu wa mguu mmoja anaweza kukaa akazungusha gurudumu. Baiskeli hakutaka hata kuisikia. Angeipanda na nini?

Sasa hapo ndipo inapoingia nyundo. Wilibrodi alikuwa mhunzi, katika wale wa mwisho walioyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo kabla majembe ya dukani hayajajaa Sumbawanga. Siku chache kabla hajafa aliwaita watoto wake, akaiweka nyundo yake kubwa chini mbele yao.

"Mali ni moja, nyinyi ni watatu," alisema. "Mkigawana mtaila. Msigawane. Likija jambo, anayelitaka aweke mkono hapa. Mikono miwili ikikaa, neno limepita, wa tatu anyamaze."

Mzee alijua anachofanya. Alimjua Adriano, angewaburuza wadogo zake kama magunia. Na kwa miaka miwili nyundo ilifanya kazi yake vizuri. Tulime huku au kule, tupike pombe au tuuze ulezi, mikono miwili, basi, kazi inaendelea. Majirani waliwaonea wivu kwa kutogombana.

Mali waliyoachiwa ilikuwa ng'ombe jike mmoja mwekundu na mbuzi. Mwanzoni mwa mwaka huo, mwaka wa hamsini na mbili, mbuzi walifika sita, na sita ndiyo hesabu ambayo mzee Flavian wa Mpui aliitaja kwa ajili ya binti yake Silvana. Mbuzi sita, wafike Mpui sikukuu ya Petro na Paulo, mwisho wa Juni, ulezi ukishavunwa. Wakifika, Beda anaoa. Wasipofika, mzee Flavian alisema, tutajua la kufanya, na namna alivyolisema Beda hakulipenda.

Mbuzi walikuwa wa nyumba mpaka siku watakapokanyaga Mpui. Hilo nalo lilipitishwa kwa nyundo, na Beda mwenyewe aliweka mkono.

*

Katikati ya Mei Beda alikwenda mjini, mwendo wa saa moja kwa miguu, kupeleka maziwa kwa mzee Halfani. Huyu Halfani alikuwa na duka karibu na soko na lori moja, na alishika kazi ya kuwalisha nyama vibarua wa barabara. Siku hiyo ukutani mwa duka iliegemea baiskeli. Nyeusi, rimu zinang'aa, keria ya chuma nyuma pana kama kitanda cha mtoto.

Beda aliweka kibuyu chini.

"Shikamoo, mzee Halfani."

"Marahaba. Usiiangalie hivyo, itaona haya."

"Ni ya nani?"

"Ya mtu atakayeichukua." Halfani alikuwa akifunga sukari kwenye karatasi, hakuinua uso. "Nyinyi mna yule ng'ombe mwekundu. Nipe ng'ombe, chukua baiskeli. Na mbuzi mmoja juu."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kubadilisha. Mimi si msalaba mwekundu, Beda. Vibarua wangu wanakula."

Beda alirudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia. Hakungoja hata kukaa. Aliichukua nyundo nyuma ya mlango akaiweka katikati ya uwanja, akaanza kuhubiri. Safari moja ya Kabwe, siku tatu kwenda, nne kurudi kwa sababu ya mpando, magunia mawili ya dagaa kwenye keria. Safari moja inamrudisha mbuzi aliyetolewa na kuleta mwenzake. Kabla ya Petro na Paulo atakuwa amekwenda mara tatu. Mpui watapelekewa mbuzi sita na watabaki wengine.

"Baiskeli haizai," Adriano alisema. Alikuwa akisokota kamba ya magome, kama kawaida yake, na mwisho wa kila kamba alifunga utepe mwekundu ili mbuzi wake wasichanganywe na wa jirani. "Ng'ombe ana mimba. Mwezi wa nane tuna ndama."

"Baiskeli hainyi pia," alisema Kristiana, na akaweka mkono juu ya nyundo kabla ya Beda mwenyewe.

Mikono miwili. Adriano alinyamaza, ndiyo sheria.

Siku ya pili Beda alikuwa juu ya baiskeli. Alianguka mara nne kabla ya kutoka mjini, vibarua wakamhesabia kwa sauti. Mara ya tano haikuja. Alishika barabara ya Mpui, upepo wa uwanda ukamjaa shati, nyasi zimeiva pande zote mbili mpaka macho yanapokoma, na kila kilima alichokipanda kwa jasho alikishuka akicheka peke yake. Mwendo wa siku nzima aliumaliza kabla jua halijasimama kichwani.

Silvana alikuwa anapiga ulezi. Alimtazama, akaitazama baiskeli, akazunguka nyuma yake kama anayenunua.

"Nzuri," alisema. "Panda nione."

"Panda wewe."

Akakaa kwenye keria, Beda akamzungusha mpaka kisimani na kurudi, wanawake wenzake wakiwafuata kwa maneno ambayo hayaandikwi. Aliposhuka aliuliza, "Mbuzi bado sita?"

"Watano. Lakini nitarudisha, nakwenda Kabwe."

"Baba alisema sita."

"Nimekwambia nakwenda Kabwe."

"Beda," alisema Silvana, "mimi ungekuja na mbuzi sita kwa miguu nisingekucheka."

*

Safari ya Kabwe ilihitaji magunia, na magunia yalihitaji siku chache. Katika siku hizo chache Kristiana alikwenda mjini kununua chumvi, akarudi mikono mitupu, chumvi ameisahau.

"Halfani ana cherehani," alisema. "Cha mkono. Kimefika na lori. Nimeingiza uzi mwenyewe, nimeshona pindo la kitambaa chake hapo hapo, mke wake Mwasiti akashika mdomo."

"Vizuri," alisema Beda. "Na anataka nini?"

"Anataka baiskeli na mbuzi mmoja."

Beda alicheka, halafu akaona Adriano ameweka kamba chini. Adriano hakuzungumza sana. Alisema tu kwamba watu wote wa pande hizi wanavaa, na si wote wanaokula dagaa, na kwamba toka baiskeli iingie, nyumba imebaki na watu wawili kwa sababu wa tatu yuko barabarani. Kisha akaweka mkono juu ya nyundo. Wa Kristiana ulikuwa umekwisha fika.

"Nimeipanda siku sita," Beda alisema.

"Neno limepita," alisema Adriano. "Nyamaza."

Alinyamaza. Baiskeli aliipeleka yeye mwenyewe, akiisukuma, hakutaka kuipanda mara ya mwisho. Mbuzi wa pili alimfuata na kamba yake.

Cherehani kilileta furaha ya namna yake, hilo Beda hakulikana. Kristiana alishona toka asubuhi, Adriano akizungusha gurudumu kwa mkono wake wenye nguvu, na watu walikuja na vitambaa vya marekani na kaniki wakisubiri zamu. Kaptula, magauni ya komunio, mashuka. Malipo yalikuwa mayai, kuku, vibaba vya ulezi. Lakini ile sauti. Tatata, tatata, toka jogoo mpaka jua kuzama, na katikati yake Adriano na Kristiana wakiambiana mambo kwa kelele kana kwamba wako ng'ambo ya mto.

Wiki mbili hivi. Ndipo Adriano alipoanza kusimama mlangoni mwa zizi tupu. Alisema samadi ya shamba la juu itatoka wapi. Alisema ndama yule anahesabiwa na watu wengine. Jioni moja, wamemaliza kula, alisema, "Halfani angekubali cherehani na mbuzi, arudishe ng'ombe."

Kristiana alisimama na sufuria mkononi. "Usithubutu."

Lakini hakuwa anaongea na Adriano, alimtazama Beda. Na Beda aliwaza maziwa asubuhi, akawaza bwana harusi ambaye uwanjani kwake kuna ng'ombe mwenye mimba, akawaza nyumba isiyo na tatata. Aliweka mkono. Kwa kweli aliuweka kwa furaha.

Kesho yake ng'ombe mwekundu alirudi. Hakuna aliyemwongoza. Alifunguliwa kwa Halfani, akashika njia, akatangulia mbele yao mpaka zizini, akaingia na kugeuka kuwatazama kama anayeuliza walikuwa wapi.

Waliketi wote watatu kumwangalia. Ng'ombe ni yule yule, zizi ni lile lile. Mbuzi walikuwa watatu.

"Haya," alisema Kristiana. "Nani katuroga?"

"Mimi nilishindwa mara moja tu," alisema Adriano. "Kwenye baiskeli. Mara mbili neno langu lilipita."

"Mimi pia nilishindwa mara moja," alisema Beda. "Kwenye cherehani chenu."

"Hata mimi ni hii moja ya jana."

Walitazamana. Kila mmoja alipata alichotaka mara mbili katika tatu, na wote wamepoteza. Kristiana alianza kucheka, wenzake wakamfuata, wakacheka mpaka Adriano akashika mbavu. Wakakubaliana kwamba ni bahati mbaya. Wakaapa kwamba hapo wamekoma.

*

Waliapa Jumapili. Jumatano Halfani alikuja mwenyewe, juu ya baiskeli ile ile, nayo sasa ina kengele. Akaipiga kutoka mbali.

Hakuwaficha kitu. Alisema kengele ni bure. Alisema ng'ombe anamtaka kwa sababu ya maziwa ya chai ya wapakizi wake. Alisema mbuzi mmoja, kama siku zote.

Beda aliipiga ile kengele mwenyewe mara moja. Hesabu alikuwa nayo tayari. Mbuzi wamebaki watatu, na watatu si sita, kwa hiyo ng'ombe peke yake hawezi kumwoza. Kinachoweza kuleta mbuzi watatu kabla ya mwisho wa Juni ni Kabwe, na kitu cha kumpeleka Kabwe ndicho hiki hapa, kinang'aa. Mbuzi mmoja akitoka, safari mbili zinawarudisha wote. Ukiangalia kwa jicho lile, kutobadilisha ndiko kulikokuwa wazimu.

Kristiana alikuwa ametoka kumwaga samadi. Miguu imejaa hadi kifundoni. Aliweka mkono juu ya nyundo na kuacha alama.

Mbuzi wakabaki wawili.

Safari hii Beda hakupoteza muda. Magunia aliazima siku hiyo hiyo, akapaka mnyororo mafuta ya nyonyo, akapanga alale kijiji cha Kate, akapanga atakayempa dagaa kwanza. Asubuhi ya kuondoka, gunia la pili likiwa linafungwa, lori la Halfani lilisimama barabarani. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele na cherehani amekipakata kama mtoto.

"Napita tu," alisema. "Nakwenda Mpui. Nikakumbuka kuna mtu hapa alilia kilipoondoka."

"Nilijifuta macho kwa kanga," alisema Kristiana. "Sikulia."

"Dada," alisema Beda, "naondoka sasa hivi. Gunia limefungwa."

"Nimeona."

"Siku saba tu. Nikirudi tukizungumzie."

"Siku saba lori litakuwa limekiuza Mpui," alisema Halfani, kwa upole kabisa. "Silazimishi."

Adriano hakuungoja hata mjadala. Alichechemea mpaka nyuma ya mlango, akaileta nyundo, akaiweka chini, akaweka mkono. Kuhusu baiskeli Adriano hakuwahi kuwa na shaka. Kristiana alimtazama mdogo wake, akaona haya, akatazama cherehani, na haya ikaisha.

Beda alifungua gunia. Mbuzi wa tano alipandishwa lorini.

Akabaki mmoja, jike mweupe mwenye pembe iliyovunjika, na siku kumi na saba.

*

Siku mbili baadaye Adriano alianza tena kusimama mlangoni mwa zizi. Hakuhitaji kusema, Beda alijua. Na zaidi ya hayo, alijua kwamba anakubaliana naye. Tatata ilikuwa imerudi. Ng'ombe ana mimba ya miezi saba. Ukiwa na ng'ombe mwenye mimba unaweza kusimama mbele ya mzee Flavian ukazungumza kama mwanamume, ukamwambia subiri, huyu hapa, ndama atakuwa wako. Ukiwa na cherehani utasimama umwambie nini? Akupime kaptula?

"Nenda kamwangalie kwanza," alisema Adriano. "Uone kama mimba bado iko. Ukirudi tuweke mikono."

Beda alikwenda. Halfani alikuwa dukani na wateja, akamwonyesha kwa kidevu apite uani. Ng'ombe alikuwa huko, tumbo limeshuka vizuri, ananenepa. Baiskeli imeegemea ukuta wa jikoni. Mwasiti, mke wa Halfani, alikaa kwenye mkeka anachambua mchele.

Juu ya kichwa chake, kwenye msumari mmoja, zilining'inia kamba. Kamba za magome, na mwisho wa kila moja utepe mwekundu.

Beda alizihesabu. Tano.

"Hizo zenu," alisema Mwasiti bila kuinua macho. "Nilimwambia mzee tusizitupe, kaka yako anajua kusokota. Ya sita unaileta lini, mwanangu? Nina kuni za kufunga."

Beda alizihesabu tena.

"Usinikasirikie. Mimi nimekaa dukani toka nimeolewa. Mtu anakuja, ananunua, anakwenda zake. Nyinyi hamnunui. Nyinyi mnapita. Nikiona ng'ombe anatoka najua baiskeli iko njiani, nikiona baiskeli najua cherehani kinafuata. Nimeshamwambia Halfani, hawa watu wakiwa na mbuzi mia, sisi hatuna haja ya shamba."

Halfani aliingia kutoka dukani akisikia jina lake. Akawaona wanatazama msumari.

"Nimekudanganya wapi, Beda?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Hujanidanganya."

"Kila mara nilitaja mbuzi. Kila mara mliweka mikono, mkafurahi."

"Tulifurahi," alisema Beda, na alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo jambo lilipomshika. Kila mara walifurahi. Kila hatua ilikuwa ya kupanda, hakuna hata moja waliyoteremka, na baada ya hatua tatu walijikuta pale pale chini na mbuzi pungufu. Ngazi gani hiyo?

Hakuaga. Alitoka mbio, akaimaliza ile njia ya saa moja bila kusimama, vitenge vya wanawake wa sokoni vikipeperuka kando yake. Alifika nyumbani hawezi kusema. Alikaa chini uwanjani, akaokota mawe matatu akayapanga, akachukua maharage sita kwenye ungo wa Kristiana.

Adriano alikwisha weka nyundo tayari, na mkono wake juu yake. "Mimba iko?"

"Iko. Ngoja." Beda alipumua. "Jiwe hili ng'ombe, hili baiskeli, hili cherehani. Maharage haya ni mbuzi. Dada, acha hicho kitu uje. Tuko na ng'ombe. Nani anataka baiskeli?"

"Unacheza?" aliuliza Kristiana.

"Nijibu."

"Kuliko ng'ombe? Mimi."

"Na mimi. Wawili." Beda alitupa harage moja vumbini. "Tuna baiskeli. Nani anataka cherehani?"

"Mimi," walisema Adriano na Kristiana pamoja. Harage likatupwa.

"Tuna cherehani. Nani anataka ng'ombe?"

"Mimi," alisema Adriano, "na wewe." Likatupwa la tatu.

"Tuna ng'ombe. Nani anataka baiskeli?"

Hapo Kristiana alifungua mdomo na kuuacha wazi. Beda hakungoja jibu. Alitupa la nne. Akasogeza kidole kwenye jiwe la pili, akatupa la tano. Akasogeza kwenye la tatu, akalishika la sita juu ya vumbi.

Adriano aliyatazama mawe muda mrefu. "Rudia," alisema.

Beda alirudia. Majibu yalikuwa yale yale, kwa kuwa kila mmoja alisema ukweli wake, na maharage yakaisha vile vile.

"Kwa hiyo mjinga ni nani?" aliuliza Adriano.

"Hayupo. Wewe unajua unachotaka, dada anajua, mimi najua. Tukikaa watatu ndipo hatujui."

"Baba alisema mikono miwili."

"Baba alikuwa na mambo ya ndiyo na hapana, kaka. Hili lina vitu vitatu. Popote tukisimama, wawili watakuwa wanatamani kingine. Halfani anahitaji kukaa tu na kungoja."

Kristiana alikuwa amekaa chini sasa, mikono kichwani, anacheka na kulia kwa pamoja. Adriano hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya nyundo.

"Sawa," alisema taratibu. "Nimeelewa. Basi tumalizie kwa ng'ombe, halafu tusimame. Ana mimba, Beda. Mbuzi mmoja tu. Wewe mwenyewe unamtaka ng'ombe kuliko hiki."

"Namtaka."

"Weka mkono basi."

Hilo ndilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyopata kufanya Beda. Mpaka leo anasema ule mpando wa Mpui ni tambarare ukilinganisha. Kila alichosema Adriano kilikuwa kweli. Ng'ombe alikuwa bora. Lakini ng'ombe akifika, kengele nayo itafika, na Beda alijua atakapoisikia mkono wake utakwenda wenyewe. Na mbuzi wa kulipia kengele hatakuwapo, wataanza kutoa ulezi, baada ya ulezi majembe. Alikaa juu ya mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa chakula.

"Unakipenda cherehani sasa?" aliuliza Adriano.

"Sikipendi. Nachukia hata uzi wake."

"Basi?"

"Basi kinabaki."

Walikaa hivyo, mmoja mkono juu ya nyundo, mmoja juu ya mikono yake, mpaka Kristiana akainuka, akaenda kwenye cherehani, akaanza. Tatata. Adriano alishikilia kidogo zaidi. Halafu akauondoa mkono, akauangalia, akaufuta kwenye kaptula.

*

Sikukuu ya Petro na Paulo walikwenda Mpui na mbuzi mmoja mweupe mwenye pembe iliyovunjika. Beda alimweleza mzee Flavian yote, na mawe akayapanga, na maharage akayatupa. Mzee alifuatilia mpaka mwisho bila kukohoa.

"Na huyu mmoja," aliuliza, "mbona hamkumbadilisha?"

"Nilikalia mikono, baba."

Nyuma ya mlango Silvana alisikika akicheka, na mzee Flavian akalazimika kutazama pembeni. Alisema binti hatolewi kwa maharage. Alitoa mwaka mmoja, na kwa kumchelewesha aliongeza mbuzi mmoja, wawe saba.

Kristiana alishona mwaka mzima, Adriano akazungusha, na Beda akabeba nguo kwa miguu, Kate, Mpui na vijiji vya kati. Mbuzi walinunuliwa kwa kaptula na magauni ya komunio. Beda na Silvana walifunga ndoa Julai ya mwaka wa pili. Nyundo ilirudishwa nyuma ya mlango, na ikatumika kwa mambo ya ndiyo na hapana peke yake.

Gharama ilikuwa hii. Waliingia na ng'ombe na mbuzi sita, wakatoka na cherehani na mbuzi mmoja. Mbuzi watano waliliwa na vibarua wa barabara. Ng'ombe mwekundu alibaki kwa Halfani, na mwezi wa nane alizaa ndama jike. Kamba tano nzuri. Mbuzi mmoja wa kuchelewa. Na mwaka mmoja na siku kumi na mbili, ambazo Beda alizilala peke yake.